Mwenye nguvu hakupishwa: mazoezi ya Ali na Foreman Kinshasa mwaka wa 1974

Karibu kila kijana wa Congo anayevaa glavu kwa mara ya kwanza husimuliwa habari moja. Alfajiri ya tarehe 30 mwezi wa 10 mwaka wa 1974, katika uwanja wa 20 Mai mjini Kinshasa, Muhammad Ali aliegemea kamba za ulingo, akamwacha George Foreman apige mpaka achoke, halafu akamwangusha katika raundi ya 8. Habari hiyo ni ya kweli. Lakini ikisimuliwa kwa kifupi namna hiyo, inaonekana kama ujanja wa dakika chache tu, kama vile Ali aliuokota pale pale ulingoni. Kijana anayeamini hivyo anaweza naye kwenda kuegemea kamba, akapigwa kichwani na kuumia bure.

Ukweli ni kwamba usiku ule ulitayarishwa kwa miaka mingi, na kukamilishwa katika majuma zaidi ya sita ambayo watu hao wawili walikaa Kinshasa wakingojea. Walikuwa katika inchi moja, joto moja na muda uleule. Tofauti yao ilikuwa ni nini kila mmoja alizoeza mwilini mwake na kichwani mwake.

Mtu ambaye hakuna aliyemzuia

Waswahili husema mwenye nguvu mpishe, na mwaka ule mwenye nguvu alikuwa Foreman. Alikuwa na miaka 25. Alipata medali ya dhahabu ya Olimpiki kule Mexico mwaka wa 1968. Alipoingia Kinshasa alikuwa amepigana mara 40 katika ngumi za kulipwa, akashinda mara zote 40, na katika hizo 37 wapinzani hawakufika mwisho wa pambano. Joe Frazier, aliyekuwa bingwa wa dunia, alianguka mbele yake mara sita katika raundi mbili tu, mjini Kingston kule Jamaika, mwezi wa 1 mwaka wa 1973. Ken Norton naye alimalizwa katika raundi ya 2 mjini Caracas, mwezi wa 3 mwaka wa 1974.

Wale waliomtazama akifanya mazoezi walikumbuka zaidi gunia lake. Kocha wake Dick Sadler alilikumbatia gunia zito kwa nyuma ili lisiyumbe, na Foreman akalipiga mahali pamoja, mara nyingi, mpaka likabaki na shimo. Waandishi wa habari walioona mambo hayo walirudi hotelini wakiwa na hofu, si kwa ajili ya ubingwa wa Ali bali kwa ajili ya uhai wake.

Hata hivyo, katika hesabu hiyo ya ushindi kulikuwa na jambo moja ambalo wachache walilitazama. Tangu mwanzo wa mwaka wa 1972, Foreman alikuwa amepigana mara nane, na hakuna pambano hata moja lililopita raundi ya 2. Pambano la ubingwa wakati ule liliweza kwenda hadi raundi 15, kila raundi dakika 3. Ni kusema kwamba kwa karibu miaka mitatu, mtu huyu hakuwa amejua tena uchovu wa raundi ya 5, au mawazo yanayomjia mtu katika raundi ya 7 anapoona kwamba mpinzani wake bado amesimama. Nguvu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa nguvu ya dakika sita.

Mtu aliyepoteza miaka yake mizuri

Ali alikuwa na miaka 32. Mwaka wa 1967 alikataa kuingia katika jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam, akanyang'anywa ubingwa na ruhusa ya kupigana. Hakurudi ulingoni mpaka mwezi wa 10 mwaka wa 1970. Miaka ile mitatu na nusu ndiyo ambayo mpiganaji huwa na miguu myepesi zaidi. Aliporudi, hakuwa tena yule kijana wa kuruka-ruka ambaye mtu hampati. Mwaka wa 1971 Frazier alimshinda. Mwaka wa 1973 Norton alimvunja taya na kumshinda. Ali alirudiana nao wote wawili na kuwashinda, lakini kwa shida na kwa alama. Hao ndio watu ambao Foreman aliwamaliza kwa raundi mbili mbili.

Basi Ali alilazimika kujijenga upya kwa namna nyingine. Tangu mwaka wa 1972 alikuwa na kambi yake Deer Lake, katika vilima vya Pennsylvania, yenye nyumba za magogo. Mazoezi ya pale hayakuhitaji mashini nyingi. Alipasua kuni kwa shoka, kazi inayojenga mabega, mgongo na tumbo kwa pamoja. Alfajiri alikimbia kwenye vilima akivaa viatu vizito, ili siku ya pambano viatu vyepesi vimbebe. Aliruka kamba, akapiga gunia, akapigana na kivuli chake mwenyewe.

Na kulikuwa na zoezi moja ambalo watu wengi walilidharau. Katika mazoezi na wenzake, Ali aliegemea kamba na kuwaacha wampige mbavuni na mikononi kwa dakika nyingi. Larry Holmes, kijana ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia, alikuwa mmoja wa waliofanya naye mazoezi kambini. Watazamaji walifikiri kwamba mzee anakuwa mvivu. Kumbe alikuwa akijifunza mambo matatu: kufunika kichwa kwa glavu na mbavu kwa viwiko, kupumua huku akipigwa, na kutokuwa na woga pigo linapofika. Mwili usiozoea kupigwa hukaza misuli yote, na misuli iliyokazwa hutumia pumzi nyingi. Mtu anayeogopa huchoka mbele ya yule anayepiga.

Majuma sita ya kungojea

Pambano lilipangwa kufanyika tarehe 25 mwezi wa 9. Mobutu Sese Seko, aliyetaka jina la Zaïre lijulikane duniani kote, alikubali kwamba kila bondia alipwe dola milioni 5, pesa ambazo mchezo huo haukuwa umeziona bado. Lakini katikati ya mwezi wa 9, Foreman akiwa mazoezini, kiwiko cha mwenzake kilimpasua juu ya jicho la kuume. Pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 mwezi wa 10. Tamasha la muziki lililoandaliwa pamoja nalo liliendelea kama lilivyopangwa, wanamuziki wa Marekani wakaimba pamoja na wale wa hapa kwetu, kisha wageni wengi wakarudi kwao. Mabondia wawili wakabaki.

Hapo ndipo tofauti ilipoanza kuonekana. Kidonda cha Foreman kilihitaji muda wa kufunga. Hakuweza kupigana na wenzake mazoezini, maana pigo moja tu lingekifungua tena. Gunia aliendelea kulipiga, lakini gunia halirudishi pigo, halisogei, na halimsemeshi mtu. Aliishi hotelini akiwa amezungukwa na watu wake, kimya, akiwa na mawazo ya kurudi kwao. Alikuja Kinshasa na mbwa mkubwa wa Kijerumani. Kwake alikuwa ni mbwa wa nyumbani tu. Lakini wakaaji wengi wa Kinshasa walikumbuka mbwa kama hao mikononi mwa polisi wa Wabeligiji, miaka 14 tu baada ya uhuru. Hakuna aliyemweleza jambo hilo mapema, naye hakuuliza.

Ali alikaa N'Sele, mashariki ya Kinshasa, kando ya mto Congo. Asubuhi na mapema alikimbia barabarani, na watoto wakamfuata. Alisimama na kuzungumza na watu, akatania, akacheza na watoto. Hakuchukua muda kujua kilio ambacho kingemfuata mpaka ulingoni: “Ali, boma ye”, maneno ya Kilingala yanayomaanisha “Ali, muue”. Yeye mwenyewe aliwaongoza watu kwa mkono wakiimba, kama mwalimu wa kwaya.

Wengine wanachukua mambo hayo kuwa ni maneno na kelele za Ali tu. Lakini kwa mpiganaji, hiyo nayo ilikuwa sehemu ya mazoezi. Kungojea huwaua wapiganaji wengi. Mwili uliokuwa tayari kwa tarehe 25 huanza kupoa, chakula kinapungua ladha, usingizi unakimbia, na mtu anaanza kuhesabu siku. Ali aliligeuza lile joto la Kinshasa, barabara ya N'Sele na watu wake kuwa nyumbani. Kila asubuhi aliyokimbia pale ilimzoeza hewa nzito ambayo angepumua usiku wa pambano. Foreman alihesabu siku za kuondoka, na Ali alizitumia siku hizo hizo kufanya kazi.

Saa kumi za alfajiri

Pambano lilianza saa kumi za alfajiri, ili watazamaji wa Marekani waweze kulifuata kwao ikiwa bado usiku. Watu wapatao 60.000 walijaa uwanjani. Kwa uzito, wawili hao walikuwa karibu sawa: Foreman kilo 100 hivi, Ali kilo 98. Kwa hiyo si kilo zilizoamua.

Karibu kila mtu alifikiri kwamba Ali atakimbia, atazunguka ulingo na kumchosha mpinzani kwa miguu. Yeye mwenyewe alikuwa amesema atacheza ngoma. Lakini katika raundi ya 1 alisimama na kumpiga Foreman kwa mkono wa kuume bila kutanguliza wa kushoto, jambo ambalo bondia hafanyi mbele ya bingwa isipokuwa kama amekusudia kumdharau. Foreman alikasirika. Na katika raundi hiyohiyo Ali aliona jambo lingine: Foreman alikuwa amefundishwa vizuri kufunga njia. Ili kumkwepa, Ali alipaswa kupiga hatua nyingi kila mara Foreman alipopiga chache. Kwa joto lile, kabla ya raundi ya 8 angekuwa amemaliza miguu yake yeye mwenyewe.

Basi katika raundi ya 2 akaenda kwenye kamba. Angelo Dundee, kocha wake, alipiga kelele akimwambia atoke pale. Hata watu wake hawakujua. Ali alifunika kichwa, akaegemea nyuma kamba zikimbeba, na mapigo ya Foreman yakatua mikononi, mabegani na mbavuni. Kila mara walipokumbatiana, aliiweka mikono yake na uzito wake juu ya shingo ya Foreman na kumvuta chini. Zoezi hilo la shingo linachosha kuliko watu wanavyofikiri. Mara kwa mara, hasa mwishoni mwa raundi, alitoka na ngumi za haraka za moja kwa moja usoni. Na wakati wote huo alizungumza, akimuuliza Foreman kama nguvu aliyosikia habari zake ilikuwa ni hiyo tu.

Katika raundi ya 5 Foreman alitupa karibu kila kitu alichokuwa nacho. Kuanzia hapo mikono yake ilikuwa mizito, ngumi zake zikisukuma badala ya kupiga. Hakuwa amepungukiwa na nguvu za misuli. Misuli ilikuwa ileile ya asubuhi. Alipungukiwa na pumzi ya kuilisha, na alipungukiwa na wazo la pili. Kwa miaka mitatu wazo la kwanza, kupiga kwa nguvu zaidi, lilikuwa limetosha. Lilipokosa kutosha, hakuwa amezoeza lingine, na watu wake kwenye kona hawakumpa jingine.

Zikiwa zimebaki sekunde chache raundi ya 8 iishe, Ali alitoka kwenye kamba, akapiga ngumi mfululizo, wa mwisho ukiwa wa kuume usoni. Foreman alizunguka na kuanguka taratibu. Ali alikuwa na mkono tayari kumpiga tena alipokuwa akianguka, lakini hakuutupa. Mwamuzi Zack Clayton alihesabu, na pambano likaisha zikibaki sekunde mbili. Muda mfupi baadaye mvua kubwa ilinyesha Kinshasa, ikaujaza maji uwanja ambao kumbe ulikuwa umeingojea.

Bei ya kuegemea kamba

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa tamu. Lakini anayewafundisha vijana hana haki ya kuikata katikati.

Uvumilivu ule wa kupigwa ambao Ali aliuzoeza Deer Lake na kuutumia Kinshasa, aliendelea kuutumia. Mwaka wa 1975, kule Manila, alipigana na Frazier raundi 14 ambazo karibu ziwaue wote wawili. Daktari wake, Ferdie Pacheco, alimshauri aache ngumi, na mwaka wa 1977 akaondoka kambini kwa sababu hakusikilizwa. Mwaka wa 1980, Larry Holmes, yule kijana wa mazoezi, alimpiga mwalimu wake mpaka kona ikasimamisha pambano. Ali aliacha mwishoni mwa mwaka wa 1981. Mwaka wa 1984 madaktari walitangaza kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, na mtu ambaye kinywa chake kilijulikana dunia nzima aliishi miaka mingi akisema kwa shida. Alikufa tarehe 3 mwezi wa 6 mwaka wa 2016.

Hakuna anayeweza kusema kwa hakika kwamba pigo fulani lilileta ugonjwa fulani. Lakini jambo ambalo wataalamu wa ubongo wanalikubali leo ni kwamba mapigo ya kichwa yanayorudiwa-rudiwa huharibu ubongo, na yale ya mazoezini yanahesabika kama yale ya ulingoni. Mwili unaweza kuzoea pigo la mbavuni. Kichwa hakizoei. Ndiyo maana sehemu moja ya mazoezi ya Ali inafaa kuigwa na kila kijana, na sehemu nyingine haifai kuigwa hata kidogo. Shoka, vilima, kamba ya kuruka, pumzi, utulivu mbele ya hofu: hizo ni mali. Kusimama na kupigwa ili kuonyesha uanaume ni deni, na deni hilo hulipwa uzeeni.

Foreman arudi shuleni

Yule aliyeshindwa Kinshasa ndiye aliyechelewa zaidi kujifunza, na labda ndiye aliyejifunza zaidi. Kwanza alitafuta sababu: kamba zilikuwa legevu, hesabu ilikuwa ya haraka, maji yalikuwa na kitu. Mwaka wa 1977, baada ya kushindwa na Jimmy Young, aliacha ngumi na kuwa mhubiri. Alikaa miaka kumi bila kupigana.

Aliporudi mwaka wa 1987 watu walimcheka. Alikuwa mnene na mzito. Lakini namna yake ya kupigana ilikuwa imebadilika. Hakuwa na haraka. Alitembea, akaokoa pumzi, akangojea. Kati ya raundi alikataa hata kukaa kwenye kiti, akasimama wima kwenye kona yake. Tarehe 5 mwezi wa 11 mwaka wa 1994, mjini Las Vegas, akiwa na miaka 45, alipanda ulingoni mbele ya bingwa Michael Moorer, kijana wa miaka 26. Alivaa kaptula nyekundu ileile aliyoivaa Kinshasa miaka 20 iliyotangulia. Raundi tisa alikuwa nyuma kwa alama. Foreman wa zamani angekuwa amekwisha kasirika na kumaliza kila kitu. Huyu alingojea. Katika raundi ya 10 nafasi ilifunguka, mkono wa kuume ukapita, na akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia.

Yeye na Ali walikuwa wamekuwa marafiki. Mwaka wa 1997, filamu iliyoeleza pambano la Kinshasa ilipopewa tuzo ya Oscar, Foreman alimshika Ali mkono na kumsaidia kupanda ngazi za jukwaa. Foreman alikufa tarehe 21 mwezi wa 3 mwaka wa 2025.

Chini ya majukwaa

Uwanja wa 20 Mai unaitwa leo Tata Raphaël, na chini ya majukwaa yake vijana bado wanafanya mazoezi ya ngumi. Magunia yao mengi yameshonwa na kushonwa tena, na uzito wa kunyanyua ni chochote kinachopatikana. Congo imeendelea kutoa mabondia: Ilunga Makabu wa Kananga alichukua ubingwa wa dunia wa WBC katika uzito wa cruiser hapo hapo Kinshasa, mwezi wa 1 mwaka wa 2020.

Kwa vijana hao, na kwa wale wa Goma, Bukavu au Lubumbashi wanaokimbia alfajiri mbele ya kwenda shuleni au kazini, ukosefu wa mashini si sababu ya kukata tamaa. Mshindi wa mwaka wa 1974 alijijenga kwa shoka na barabara. Lakini makocha wanaowafundisha wanapaswa kuwasimulia habari yote: kwamba ngumi nzito isiyo na pumzi huishia raundi ya 5, kwamba kungojea nako ni zoezi, na kwamba bondia anazo mbavu za kuzoeza, lakini kichwa cha kulinda. Foreman alitumia miaka 20 kulielewa jambo hilo. Kijana anayeanza leo hana haja ya kungojea muda huo.